Skrini Iliyozimwa kwa Makusudi

Ukimkuta Chapa kazini utadhani amekaa mbele ya kitu kibovu. Laptopu yake, nyembamba kama daftari la kurasa themanini, imelala juu ya kigae, skrini nyeusi tii, haina feni wala mlio. Vidole vinatembea kwenye kibodi, kichwa amekiinamisha upande wa kushoto, sikioni ana kisikilizio kimoja. Mgeni akiingia humwonea huruma: maskini kipofu wa watu, anachapa kwenye mashine iliyozima na hakuna hata wa kumwambia.

Mashine haijazima. Chapa ndiye aliyezima mwanga. Skrini inakula robo ya betri, na yeye hana shughuli nayo tangu alipokuwa na miaka tisa, surua ilipomchukulia macho. Ukimuuliza, atakujibu kwamba hawezi kumwashia taa mtu ambaye hayupo.

Kazi yake ni kuchapa maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole, katika shule ya sekondari yenye wanafunzi wasioona, na mwaka huu kumi na mmoja wao wako kidato cha nne. Ameifanya miaka ishirini na sita. Huchapa vitabu, mazoezi na ratiba. Huletewa hata barua za mapenzi ili azichape kwa siri, naye huzikataa baada ya kuzisoma mpaka mwisho. Wanafunzi humwita Mjomba Chapa. Walimu humwita Chapa tu, na jina lake halisi limebaki kwenye orodha ya mishahara.

Mashine yake ya nukta ni pande la chuma, kubwa kama sanduku la bibi harusi. Inatoboa karatasi kwa sindano, na ikianza kazi ni kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwalimu wa chumba cha pili huacha kufundisha akasubiri ipite. Ni ya zamani, lakini haijawahi kumkosea nukta. Tatizo lake ni moja: inaelewa programu moja tu, ya zamani kama yenyewe, na programu ile ilikuwa ikiishi kwenye kompyuta kubwa chini ya meza. Mchana mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu ya ghafla, na kompyuta kubwa ikatoa moshi. Chuma kilipona. Ila kilibaki bubu, hakina wa kusema nacho.

Ilikuwa imebaki miezi minne wanafunzi wa kidato cha nne wafanye mtihani wa mwisho.

Haikupita wiki tatu barua ikaja kutoka ofisi ya mitihani, imetiwa saini na mratibu. Kwa kuwa shule haina tena uwezo wa kuchapa nukta nundu, ilisema, watahiniwa wote wasioona watapewa huduma ya wasomaji: kila mmoja atakaa na mtu wa kumsomea maswali. Mwalimu mkuu, mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alimwita Chapa ofisini akamsomea ile barua taratibu, kama anayempa habari ya msiba.

Chapa aliijua huduma hiyo. Yeye mwenyewe alisomewa mtihani wa hisabati, zamani hizo. Msomaji wake alikuwa mtu mstaarabu tu, hana ubaya, ila alikuwa na saa ya mkononi. Swali la nne lilikuwa na mabano ndani ya mabano. Chapa akaomba asomewe tena, akasomewa. Akaomba mara ya pili, akasikia pumzi ikishuka puani mwa yule mtu, ndefu, kama ya mpagazi anayeinua gunia. Mara ya tatu hakuomba. Alisema ameelewa, akaandika jibu la kubahatisha. Swali la tano akafanya hivyo hivyo, na la sita. Mtoto mwenye macho hurudia swali mara kumi na hakuna anayejua. Chapa alikosa alama za kuendelea na hisabati, somo alilolipenda kuliko chakula, na hakulikosa kwa kutojua. Alilikosa kwa kuona haya.

"Mwalimu, waandikie kwamba hatutaki," alisema.

Mwalimu mkuu akamkumbusha kwamba huu si mwaliko wa harusi, mtu akatae tu. Kompyuta imeungua, fedha za kununua nyingine hakuna, na hata zingekuwepo, kompyuta mpya haiijui mashine ile. Mashine imekufa.

"Mashine haijafa, Mwalimu. Imefiwa. Nipe muda niitafutie mwenzake."

Alikwenda mjini kwa fundi wa simu akiwa na diski ya kompyuta iliyoungua ndani ya mfuko wa plastiki, na laptopu yake kwapani. Fundi akafanikiwa kuinakili diski nzima ikawa faili moja kubwa. Kisha akamweleza habari ya mashine pepe: unaweka programu kwenye kompyuta yako, programu inajifanya kuwa kompyuta nyingine isiyo na mwili, na mfumo wa zamani ukiamka humo ndani hautambui kwamba umehama. Unadhani bado uko chini ya meza yako. Ila kwa kazi hiyo, alisema, inatakiwa kompyuta yenye nguvu. Akaipima laptopu ya Chapa kwa kiganja, akacheka. "Mzee wangu, hii ni ya kusomea barua pepe. Ukiiwekea kompyuta nyingine tumboni itazimia."

Chapa alimjibu kwamba mama yake alikuwa mwembamba kuliko hiyo laptopu, na alibeba mapacha.

Alikuwa ameinunua kukuu miaka miwili nyuma, kwa sababu moja: inakaa na chaji kwa muda wa saa tisa. Mtaa wao umeme hukatika bila kubisha hodi, na mtu anayeishi kwa kusikiliza hawezi kuishi kwa kusubiri. Prosesa yake ni dhaifu, memori yake giga nne tu, na imechomelewa ndani, huwezi kuongeza hata punje. Lakini haina feni, na kwa Chapa hilo lilikuwa jambo kubwa. Feni humpigia kelele masikioni, na masikio ndiyo macho yake.

Kazi ikaanza nyumbani, kwenye veranda, kando ya cherehani ya mkewe. Mkewe ni mshonaji. Kompyuta hajui hata inawashwa wapi, lakini macho anayo, na yalitakiwa, kwa maana mfumo wa zamani ulipoamka kwenye mwili wa kuazima uliuliza maswali mengi kabla programu yake ya kusema, ile inayomsomea Chapa kilicho kwenye skrini, haijapata sauti. Mkewe akaacha pindo la sketi, akavaa miwani, akasoma kila kilichoandikwa, herufi moja moja, kama anayehesabu vifungo. Akifika mwisho alikuwa akiuliza mwenyewe, "Nirudie?" Akiambiwa arudie, anarudia. Walimaliza magharibi, naye akasema kwamba katika miaka yote ya ndoa hajawahi kusikilizwa hivyo.

Sasa zikawa sauti mbili sikioni mwa Chapa. Ya nje, ya laptopu yenyewe, ilikuwa ya kike, ya haraka, isiyo na subira; akaiita Mama Mwenye Nyumba. Ya ndani, ya mfumo wa zamani, ilikuwa ya kiume, nzito, ya puani. Hiyo akaiita Mpangaji. Siku za mwanzo zilisema kwa pamoja na kugombania kibodi. Chapa akibonyeza herufi, Mpangaji anaimeza, Mama Mwenye Nyumba anailalamikia. Ikambidi ajifunze kitufe kimoja cha kumtoa nje ya chumba cha Mpangaji, na asiwahi kukisahau.

"Huyo mwanamke wa sikioni anakwambia nini siku nzima?" mkewe alimuuliza.

"Anadai kodi."

Na kweli kodi ilikuwa ndiyo kesi yenyewe. Mara ya kwanza Chapa alimpa Mpangaji giga tatu za memori kwa ukarimu, akabaki na moja. Mama Mwenye Nyumba akaanza kusema silabi moja moja kama mwenye kwikwi, halafu akanyamaza kabisa, na laptopu ikawa ya moto chini ya kiganja. Kosa lilikuwa la tabia njema: kudhani mgeni anashiba kwa kupewa kingi. Mfumo ule ulizaliwa zamani, nusu giga ikiwa utajiri. Akampa nusu. Kisha, kata pua uunge wajihi, akafuta kila kilichokuwa kikifanya kazi nyuma ya pazia: mapambo, arifa, programu za kujisasisha. Akaiweka laptopu juu ya kigae kilichobaki walipotengeneza sakafu ya jikoni, kinyonye joto, na akajizoesha kugusa upande wa chini kwa mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono ukivumilia, kazi inaendelea. Usipovumilia, pumziko.

Kebo nayo ilileta yake. Mashine ya chuma ina tundu pana la kizamani, laptopu ina vitundu viwili vyembamba. Fundi akampatia kiunganishi, Chapa akamkabidhi Mpangaji tundu lile moja kwa moja, mwenye nyumba asiliguse. Kwa wiki mbili zikatoka takataka tu, kwa sababu Mpangaji alituma maneno haraka kuliko chuma kilivyoweza kumeza. Akampunguza mwendo mpaka chini kabisa. Siku ya tatu ya wiki ya tatu mashine ilinguruma, ikatema ukurasa, naye akaupitisha vidole akasoma jedwali la kuzidisha, kuanzia moja mara moja mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili, bila nukta iliyopotea. Kwenye chumba cha pili mwalimu alinyamaza kusubiri mvua ipite. Chapa aliuchapa mara mbili zaidi, kwa raha zake tu.

Mratibu wa mitihani hakufurahi. Alikuwa mtu wa taratibu, si mkorofi, na wasomaji alishawaandika. Kwa simu alimwambia mwalimu mkuu kwamba mtihani wa taifa hauwezi kutegemea kilaptopu cha mzee mmoja. Mwalimu mkuu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akibishana na ofisi, akamwambia aje aone kwanza. Wakakubaliana: Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita kamili mchana, Chapa achape mtihani wa hisabati wa mwaka uliopita, kurasa arobaini, usome sawasawa. Ukipungua, wasomaji.

Kwa kuwa mratibu hakujua nukta nundu, wala mwalimu mkuu hakujua, ikabidi aitwe mkaguzi: kiranja wa kidato cha nne, binti asiyeona, mwenye ulimi usiolala na vidole vyenye kasi kuliko wote. Alikaa kwenye kiti pembeni, mikono mapajani.

Kurasa ishirini na mbili zilitoka salama. Ya ishirini na tatu ikiwa katikati, umeme ukakatika. Chuma kikanyamaza. Mratibu akafunga faili lake, kwa upole kabisa, akasema, "Basi, ndugu zangu."

Chapa akamwambia bado. Akabonyeza vitufe viwili, akamsimamisha Mpangaji pale pale alipofika. Hili alikuwa amelipanga. Ofisi ya mwalimu mkuu ina betri za jua za kuwashia taa na kengele, na waya wake unafika mpaka chumba cha kuchapia. Kompyuta kubwa ya zamani isingeweza kula meza moja na mashine ya chuma; betri zingekwisha kabla ya ukurasa wa pili. Lakini laptopu haikuomba hata tone, ina chaji yake. Betri zote zilikuwa za chuma. Akaingia kwa magoti chini ya meza, nyuma ya mashine, akauvuta waya, akaanza kupapasa ukutani kutafuta soketi ya betri.

Mratibu, akiwa amesimama bila kazi, akaitazama laptopu. Skrini nyeusi. Haina mlio. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mzee anahangaika chini ya meza, akataka kusaidia. Akatafuta kitufe cha kuwashia, akakibonyeza na kukishikilia kwa sekunde kadhaa, kama mtu anavyowasha simu.

Kiranja alisikia kidole kikiachia kitufe. "Mjomba, kuna mtu amegusa mashine yako."

Chapa alitoka chini ya meza, akaweka kisikilizio sikioni. Hakuna mtu humo. Mama Mwenye Nyumba hayupo, Mpangaji hayupo.

"Nani amezima?"

Mratibu akasema yeye alikuwa akiiwasha. Mwalimu mkuu alitazama saa ya ukutani: saa tano kasoro kumi.

Chapa hakumtukana. Aliiwasha laptopu, Mama Mwenye Nyumba akarudi na maneno yake, naye akamfungulia Mpangaji mlango. Kimya. Alijua maana yake. Mfumo wa zamani ukizimwa kwa kunyongwa, ukiamka huweka orodha ya njia za kuingilia na kusubiri mtu achague, na hapo huwa hauna sauti. Ukichagua njia mbaya unaingia chumba kisicho na spika, ukae humo kama kiziwi. Ilimtokea mara moja tu, nyumbani, na mkewe akamsomea. Leo mkewe alikuwa kwenye cherehani yake, upande wa pili wa mji.

Chapa akaongeza mwanga wa skrini. Kwa mara ya kwanza mwaka ule chumba kile kikaona rangi ya laptopu yake.

"Mheshimiwa mratibu, njoo unisomee."

Mratibu akainama. Akasema kuna maneno mengi ya Kiingereza, meupe, kwenye weusi, na mstari mmoja umekolezwa. Akasoma ule wa juu na ule wa mwisho.

"Yasome yote. Mstari kwa mstari, kuanzia juu, uniambie uliokolezwa ni wa ngapi."

Akasoma yote, haraka.

"Tena."

Akasoma tena, akaruka mmoja. Chapa alikuwa akihesabu kwa vidole, idadi haikulingana.

"Tena, mheshimiwa."

Mratibu akashusha pumzi. Ilikuwa ndefu. Kila mtu mle ndani aliisikia, na Chapa aliisikia kuliko wote. Aliiacha ipite mpaka mwisho wake, mikono juu ya kibodi, kisha akasema kwa sauti ile ile, si ya juu wala ya chini, "Tena. Na ukimaliza nitakuomba tena, mpaka nielewe. Mimi sina haraka. Saa ni yako."

Mratibu alivuta kiti, akakaa. Akaweka kidole kwenye kioo cha skrini na kukishusha mstari mmoja baada ya mwingine, akitaja namba. Mistari ilikuwa sita. Uliokolezwa ulikuwa wa pili, na uliotakiwa ni wa tano. Chapa akashuka mara tatu, akabonyeza. Dakika nne nzima za kimya, diski ikijikagua, mratibu akitaja asilimia bila kuambiwa. Halafu, puani, mzito, kama mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana, Mpangaji akasalimia.

Chapa akazima mwanga.

Akamalizia kuchomeka waya kwenye soketi ya betri, akaanza tena ukurasa wa ishirini na tatu. Mvua ya mawe ikarudi, taa ya mwalimu mkuu ikafifia. Mgongo wa mkono wake haukutoka chini ya laptopu. Mara mbili aliunguzwa akasimamisha, akahesabu sekunde, akaendelea. Ukurasa wa arobaini ulitoka saa tano na dakika thelathini na tano.

Kiranja akapewa rundo, asome kurasa za kupimia alizochagua mratibu. Mratibu akashika nakala ya wino afuatilie. Binti alisoma haraka mno, ikabidi aambiwe apunguze. Kwenye swali la kumi na mbili mratibu akamkatiza: hapo umekosea, kwenye karatasi hakuna namba hiyo. Mwalimu mkuu akafumba macho.

Binti alirudisha mikono mwanzo wa mstari, akaupita tena polepole, akarudi, akaupita mara ya tatu. Kisha akasema, "Ninasoma kilichopo, mheshimiwa. Tazama vizuri kwako."

Mratibu akatazama. Jicho lake lilikuwa limeruka mstari.

Hakusema pole, lakini alimwambia aendelee, na tangu hapo alifuatilia kwa kidole. Saa sita kasoro dakika mbili binti alifika mwisho wa kurasa hizo, akakunja mikono mapajani, akauliza kama kuna mwingine anataka kusomewa.

Mratibu aliandika kwenye faili lake. Alisema hisabati itachapwa. Masomo mengine, kwa kuwa wasomaji wameshaandikwa, yataendelea kwa kusomewa, tuanze pole pole. Mwalimu mkuu akashukuru. Chapa hakushukuru. Alisema maneno machache: kwamba ofisi isilete msomaji kwenye chumba chenye karatasi.

"Mzee, umepata ulichotaka," mratibu alisema.

"Nimepata somo moja. Wao wanasoma saba."

Hawakuelewana siku ile.

Kanuni ya mitihani ni kwamba anayechapa karatasi za siri hatoki mpaka watahiniwa wameingia chumbani. Kwa hiyo Chapa alifungiwa stoo ya shule pamoja na mashine yake tangu jioni ya kuamkia siku ya hisabati, na mlinzi mlangoni. Bahasha ikafunguliwa mbele ya mratibu, faili likaingia kwa Mpangaji, na mashine ikanguruma mpaka nakala kumi na moja zikawa juu ya meza, zina joto kama nguo zilizopigwa pasi. Mratibu akazibeba mwenyewe.

Ukuta wa stoo unapakana na chumba cha mtihani. Chapa alisogeza kiti, akaegemea kichwa. Wangekuwepo wasomaji, angesikia sauti kumi na moja zikigongana. Hakusikia sauti ya mtu. Alisikia viganja vikipita juu ya karatasi nene, vinaenda, vinarudi, vinaenda, na mara moja mtu akigeuza ukurasa nyuma, halafu nyuma tena. Hakuna aliyeshusha pumzi.

Baada ya saa moja mlango ulifunguliwa. Alikuwa mratibu. Akamwambia mlinzi kwamba mzee yuko huru kwenda nyumbani.

Chapa hakuinuka. Aligusa chini ya laptopu kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa vuguvugu, waya wa chaji bado umechomekwa.

"Kesho kutwa ni jiografia," alisema. "Ina ramani, itachukua muda. Niletee bahasha mapema."

Mratibu alisema orodha ya wasomaji ilishapita ngazi ya juu, si mkononi mwake. Chapa akamwambia aikate huko huko ilikopita, na asipoweza, wasomaji waje, watamkuta hapa na mashine yake, na wanafunzi kumi na mmoja ambao wameshajua karatasi ikoje mkononi. Hao waulizwe wanataka nini.

Kisha akamfungulia Mpangaji mlango na kuanza kuandaa ukurasa wa majaribio wa ramani, nukta kwa nukta, mratibu akiwa bado amesimama mlangoni.